Nyumba tupu katikati ya Goma: kwa nini simenti si kazi ya kwanza

Kila mtu anayeshuka kutoka Birere kuelekea ziwani amekwisha kuipita nyumba ya namna hii. Ina ghorofa moja au mbili. Ilijengwa zamani za Wabeleji au katika miaka ya kwanza ya uhuru, na baraza pana mbele na madirisha ya chuma. Chini palikuwa na duka, juu aliishi mwenye duka. Leo milango imezibwa kwa mawe na manjanja, mti umeota juu ya ukuta, na zamu mmoja ameketi mlangoni na redio yake. Watu wanapita wakisema: nyumba nzuri hivi, katikati ya mji, mbona hakuna anayeitumia?

Katika parokia zetu swali hili si la wapita njia tu. Tunatafuta mahali pa zahanati, pa shule ya ufundi, pa ofisi, au vyumba vya kupangisha ili kazi ya kanisa isitegemee sadaka peke yake. Basi siku moja mtu anasimama katika kikao na kusema: "Tuichukue ile nyumba. Tuchange simenti, vijana watoe nguvu zao, kwa miezi sita itakuwa mpya." Watu wanapiga makofi. Hatari huanzia hapo.

Nyumba ya katikati ya mji haikai tupu miaka ishirini kwa sababu ya kukosa simenti. Goma ina mafundi hodari na mawe ya volkano yasiyokwisha. Nyumba inakaa tupu kwa sababu kuna swali ambalo halijajibiwa: juu ya hati yake, juu ya warithi, juu ya watu wanaolala ndani, au juu ya ardhi iliyo chini yake. Anayeanza na simenti analifunika swali hilo tu, nalo hufumka wakati fedha imekwisha. Katika makala haya tunapitia maswali hayo moja moja, ili wazee wa kanisa, kamati za ujenzi na waumini wajue la kuuliza kabla ya kuchanga franka ya kwanza.

Mji uliojengwa juu ya mji

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, na lava ikapita katikati ya Goma hadi ziwani. Ilifunika sehemu ya kaskazini ya uwanja wa ndege, ikala kitovu cha biashara, ikaharibu kanisa kuu la Wakatoliki la Mtakatifu Yosefu, na ikaacha watu wapatao 120,000 bila makao. Wengi wetu tulikimbilia Gisenyi. Baada ya siku chache tulirudi, mawe yangali moto chini ya miguu. Hatukuuhama mji, tulijenga juu ya lava.

Ndiyo maana Goma ni mji uliojengwa juu ya mji mwingine. Mahali pengine lava ilipanda mita moja, pengine mbili na zaidi. Katika nyumba zilizobaki zimesimama, dirisha liligeuka mlango, na ghorofa ya juu ikawa sawa na barabara. Mawe ya mipaka ya viwanja, mabomba ya maji na mashimo ya choo vilibaki chini ya mwamba. Anayenunua nyumba ya kale hapa ananunua pia vitu asivyoviona.

Kwanza, mipaka. Ramani ya kadasta inaonyesha kiwanja kama kilivyokuwa, lakini baada ya 2002 watu walipima upya kwa macho na kwa kamba. Jirani anaweza kuwa amejenga mita tatu ndani ya kiwanja chako bila kujua, nawe hutajua mpaka mpimaji aje na vyombo vyake. Kupima upya kuwe mbele ya kununua, na majirani wote wawepo na watie sahihi.

Pili, maji machafu. Goma haina mtandao wa mifereji ya choo; kila nyumba inajitegemea kwa shimo lake. Duka lenye watu watatu linatosheka na shimo dogo. Zahanati au shule yenye watoto mia mbili inahitaji shimo kubwa, na hapa kuchimba ni kuvunja mwamba kwa nyundo na patasi, wiki baada ya wiki. Kamati nyingi huweka rangi na madirisha katika bajeti na kusahau choo. Katika mji ambao umeonja kipindupindu, hilo si jambo la mwisho katika orodha.

Tatu, hewa. Neno mazuku linajulikana kwetu: hewa nzito ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, isiyo na rangi wala harufu, inayotulia mahali pa chini na kuua mbuzi na watu. Inasikika zaidi upande wa magharibi, kuelekea Sake, lakini hewa nzito haichagui: hukusanyika katika shimo lolote inalolifikia. Chumba kilichozikwa na lava kinaweza kuonekana kizuri kwa bohari au kwa zamu kulala. Kisitumike kabla ya kupimwa. Goma tunayo taasisi yetu ya kuchunguza volkano, iliyoanzishwa mwaka 1986, na kuuliza huko hakugharimu kama mazishi.

Nyumba hii ni ya nani?

Hili ndilo swali linaloua miradi mingi. Tuchukue mfano wa nyumba ambayo haipo, ila inafanana na nyingi.

Mfanyabiashara mgeni aliijenga mwaka 1955. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza zairianizasio: biashara na mashamba ya wageni yakapewa wananchi. Nyumba ikapewa mtu wa hapa. Miaka michache baadaye biashara nyingi zilikuwa zimekufa, na serikali ikawaruhusu wenyewe wa kwanza warudi kuchukua sehemu ya mali yao. Huyu wa kwetu hakurudi. Yule aliyepewa akafa mwaka 1991, akaacha mjane na watoto tisa. Vita vya 1996 na vya 1998 vikawatawanya: wengine wako Kinshasa, wengine Kampala, mmoja Ubelgiji. Mwaka 2002 lava ikafunika ngazi ya chini. Mtoto aliyebaki Goma akapangisha vyumba vya juu kwa muda, akagombana na ndugu zake, na nyumba ikafungwa "mpaka familia ikae". Familia haijakaa mpaka leo.

Sasa mtoto huyo anakuja kwa mchungaji na kusema: nawauzia, kwa bei nzuri, kwa kuwa ninyi ni watu wa Mungu.

Sheria ya Familia ya 1987 inasema nini? Watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza. Wao kwa pamoja wanapata robo tatu ya urithi, kwa mafungu sawa, na robo inayobaki ni ya mjane na ndugu wengine wa daraja la pili. Mjane ana haki pia ya kuendelea kukaa na kutumia sehemu ya nyumba. Kwa hiyo sahihi ya mtoto mmoja haiuzi nyumba ya watoto tisa. Hata akiwa mkweli, hata akiwa shemasi. Wanane wengine wanaweza kuja baada ya miaka mitano, nyumba ikiwa imekwisha kupendeza, na kudai chao mbele ya mahakama. Watakuwa na haki.

Tena kuna karatasi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya leta. Sisi tunapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na kitu kimoja tu: sertifika ya usajili inayotolewa na konsevateri wa hati za ardhi. Karatasi ya mauzo iliyoandikwa mbele ya chefu wa kartie, risiti ya kodi, barua ya zamani yenye mihuri mitatu, hizi zote zinasaidia kusimulia historia ya nyumba, lakini hazifanyi mtu kuwa mwenye haki mbele ya sheria. Sertifika ikikwisha kupita miaka miwili bila kupingwa, inakuwa ngumu mno kuitikisa. Ndiyo sababu wadanganyifu wanaitafuta kwa nguvu, na ndiyo sababu sisi tusiitazame mikononi mwa muuzaji tu. Twende ofisini, tuombe kitabu kifunguliwe, tuone jina lililoandikwa mle.

Mji wetu una ugumu mwingine. Tangu 1996 Goma imepita katika mikono mingi, na kila utawala uliacha mihuri yake. Muhuri uliokubalika mwaka 2000 ulibishaniwa mwaka 2005. Anayenunua leo akumbuke hilo: hati inayotolewa wakati utawala wenyewe unabishaniwa inaweza kukataliwa na utawala unaofuata. Hati inayoheshimiwa na pande zote ni ile ambayo mnyororo wake unaonekana, kutoka kwa mwenye nyumba wa kwanza hadi wa leo, bila kiungo kinachokosekana.

Kanisa si mtu mmoja

Jambo ambalo waumini wengi hawajaambiwa ni hili. Sheria ya 1973 inatoa aina mbili za haki juu ya ardhi. Haki ya kudumu ni ya raia Mkongomani, mtu wa mwili na damu, naye anaweza kuwaachia watoto wake. Kanisa, shule, shirika au kampuni si mtu wa namna hiyo. Kanisa linapewa haki ya kawaida, yenye muda, mara nyingi isiyozidi miaka 25, inayoweza kufanywa upya. Sharti lake ni kwamba ardhi itumiwe, iendelezwe, isiachwe.

Kutokana na hilo kuna mambo mawili ya kushika.

La kwanza: kanisa likinunua nyumba na kuiacha tupu kwa sababu fedha imekwisha, linaweka haki yake yenyewe hatarini. Utupu si hali ya kungoja kwa amani. Ni sababu ambayo mtu mwenye nia mbaya anaweza kuitumia. Pia mtu fulani katika ofisi ya kanisa lazima ajue tarehe ambayo miaka 25 inaisha. Wachungaji wanahamishwa, makatibu wanastaafu, na tarehe inapita kimya kimya.

La pili linauma zaidi. Kwa kuwa haki ya kudumu ni ya mtu, na kwa kuwa kuandikisha kwa jina la mtu ni kwepesi, viwanja vingi vya makanisa huandikwa kwa jina la mchungaji au mzee tajiri aliyesaidia kununua. Wakati huo kila mtu anaaminiana. Kisha yule mtumishi anafariki, na watoto wake, ambao hawakuwapo kwenye kikao, wanasoma jina la baba yao katika sertifika. Hawasemi uongo wanapodai. Karatasi inawaunga mkono. Parokia nzima imejenga kwa sadaka za miaka kumi juu ya urithi wa familia ya mtu.

Dawa yake inajulikana: hati iandikwe kwa jina la jumuiya yenye utu wa kisheria, si la mtumishi, si la parokia ambayo haitambuliwi peke yake mbele ya sheria. Kama kiwanja cha parokia yako kimeandikwa kwa jina la mtu aliye hai, hiki ndicho kipindi cha kumwomba, kwa heshima, asaidie kurekebisha. Akiwa hai ni sahihi moja tu. Akifa ni kesi.

Ni nani analala ndani?

Nyumba tunazoziita tupu mara chache huwa tupu kweli. Kuna zamu, ambaye pengine hajalipwa miaka minne na amezaa watoto watatu katika chumba cha nyuma. Kuna mama anayeuza maharagwe barazani. Na tangu vita vilipozuka tena kuanzia 2022, mji umepokea mamia ya maelfu ya watu waliokimbia vijiji vyao. Wengine walipata kambi, wengine darasa au kanisa, na wengine walipata ngazi ya nyumba isiyo na mwenyewe.

Hapo kanisa linapimwa. Muuzaji atasema: "Hao niachieni, nitawaondoa kabla ya ninyi kulipa." Tukikubali bila kuuliza atawaondoaje, tumenunua na machozi yao pia. Hatuwezi kuwafukuza maskini ili tufungue zahanati ya maskini.

Njia ya haki ni ya polepole, lakini inajulikana. Waliomo waandikwe majina, na muda wa kila mmoja. Zamu alipwe anachodai kwa mwenye nyumba, na fedha hiyo ikatwe katika bei ya ununuzi, mbele ya mashahidi. Familia zipewe muda unaoeleweka, miezi si siku, na msaada wa kuhamia mahali pengine. Mapatano yaandikwe kwa Kiswahili wanachokielewa na yasomwe kwa sauti. Haya yote ni gharama, na yawe ndani ya bajeti tangu siku ya kwanza.

Kuta, chuma na mtetemeko

Sasa tunaweza kuitazama nyumba yenyewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba ya kale tunaongeza: usizibe ufa kabla hujajua umetoka wapi.

Nguzo na sakafu za zege za miaka ya 1950 zina vyuma ndani. Paa likivuja, maji hupenya, chuma hushika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Inasukuma zege kutoka ndani mpaka linabanduka. Kwa nje unaona mstari mwembamba. Ndani nguzo imepoteza nguvu. Fundi akipaka simenti juu ya mstari huo na kumalizia na rangi, nyumba inapendeza na ugonjwa unaendelea. Hapa kwetu moshi wa Nyiragongo unaongeza lake, kwa maana mvua inayopita katika moshi huo ina asidi na inakula manjanja upesi.

Kuna pia mapaa na dari za Eternit ya zamani, yenye asbesto. Ikikaa nzima haina haraka ya kudhuru. Ikikatwa kwa msumeno au kuvunjwa kwa nyundo na vijana wa kanisa wasio na kinga ya pua, vumbi lake huingia mapafuni na linaweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Kazi ya kujitolea ya Jumamosi moja isigeuke kuwa ugonjwa wa mtu akiwa na miaka hamsini.

Mwisho, ardhi inatikisika. Baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege, lakini mitetemeko iliendelea siku nyingi, kuta zikapasuka Goma na Gisenyi, na tarehe 27 Mei sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Tukumbuke pia tarehe 3 Februari 2008. Ilikuwa Jumapili. Ardhi ilitetemeka upande wa Bukavu na Rusizi, na kati ya waliokufa upande wa Rwanda walikuwamo watu walioangukiwa na kanisa wakiwa katika ibada. Anayetaka kukusanya watu mia tatu chini ya paa la kale amlipe kwanza mhandisi aitazame nyumba na kuandika ripoti yenye sahihi yake. Shemeji wa mzee wa kanisa anayejua ujenzi hatoshi. Ripoti hiyo ndiyo itakayotumika pia kuomba ruhusa katika ofisi ya mipango miji.

Walivyofanya ndugu wa pwani

Taabu hii si ya Goma peke yake. Kule Zanzibar, katika Mji Mkongwe, kuna mifano miwili inayofundisha.

Wa kwanza ni Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash. Lina sifa kuliko nyumba yoyote ya kwetu, na Mji Mkongwe wote umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Sifa haikulizuia kuoza. Sehemu yake ilianguka mwaka 2012, na jumba likafungwa. Fedha zikapatikana kutoka Oman, matengenezo yakaanza. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wake ikaporomoka, na watu wawili wakafa. Fedha ilikuwapo na mafundi walikuwapo. Lakini jengo lililokaa na maji miaka mingi halingoji ratiba ya mradi.

Wa pili uko mwendo mfupi kutoka hapo, Mkunazini. Palikuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na Waanglikana wakajenga kanisa lao kuu mahali hapo chini ya Askofu Edward Steere, yule aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Pembeni mwa kanisa kuna jengo la kale lililokuwa hospitali ya misheni. Kanisa halikuliuza wala kuliacha lianguke. Limekuwa nyumba ya wageni, na baada ya ukarabati uliosaidiwa na Umoja wa Ulaya na shirika la kimataifa la kuhifadhi majengo, maonyesho juu ya biashara ya watumwa yalifunguliwa humo mwaka 2016. Wageni wanalipa kiingilio, wanajifunza, na fedha inasaidia kutunza kuta.

Tofauti kati ya majengo haya mawili si utajiri, maana lile la kwanza ndilo lenye jina kubwa. La pili lilikuwa na mwenyewe anayejulikana, lilikuwa na kazi ya kila siku, na kazi hiyo iliingiza kitu. Nyumba yenye watu ndani ina mtu wa kuona paa linapovuja.

Kwa hiyo kamati isiulize tu: tutaitengeneza vipi? Iulize: siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, ni nani atakuwa ndani, na nani atalipa umeme? Kama jibu ni "tutaona", bado hatujawa na mradi.

Kununua mji ukiwa umezingirwa

Ndugu mmoja atauliza: haya yote ni ya wakati wa amani. Tangu mwisho wa Januari 2025, M23 ilipouchukua mji, mabenki yalifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na wengi walipoteza kazi na akiba. Je, huu ni wakati wa kuzungumza juu ya nyumba za kale?

Tumsome Yeremia, sura ya 32. Yerusalemu ilikuwa imezingirwa na jeshi la Babeli, na nabii mwenyewe alikuwa kifungoni. Binamu yake Hanameli akaja kumwuzia shamba la Anathothi, katika nchi iliyokwisha kushikwa na adui. Yeremia akalinunua. Wahubiri wetu husimama hapo na kuhubiri tumaini, na wanafanya vema. Lakini tuangalie jinsi alivyonunua. Muuzaji alikuwa ndugu, na haki ya kukomboa ilikuwa ya Yeremia. Fedha ilipimwa kwenye mizani, shekeli 17, si zaidi. Hati iliandikwa, ikatiwa muhuri, mashahidi wakaweka majina yao. Kulikuwa na nakala mbili, moja iliyofungwa na moja iliyo wazi. Baruku akaambiwa aziweke katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Hakuna neno juu ya kujenga ukuta au kulima. Katika siku za kuzingirwa, tumaini lake lilionekana katika karatasi zilizotunzwa vizuri.

Nadhani hapo ndipo parokia zetu zinaweza kusimama leo. Si lazima tununue sasa, na mara nyingi ni busara kutonunua wakati mihuri inabishaniwa na fedha haipiti benki. Lakini kuna kazi ambazo vita havizizuii, na zinagharimu kidogo.

Tuhesabu kwanza nyumba tulizo nazo. Kila parokia iandike viwanja na majengo yake: hati iko wapi, ina jina la nani, inaisha lini. Nakala zipigwe picha na kuhifadhiwa mahali pawili tofauti, mbali na mji huu pia, kwa maana Goma tumeona hati zikiungua katika lava na zikiporwa katika vita.

Tuwasikilize wazee wanaokumbuka nyumba ilikuwa ya nani, mpaka ulipita wapi kabla ya 2002, bomba liko upande gani. Maneno yao yaandikwe na yatiwe sahihi wangali hai.

Kwa nyumba ambayo tayari ni yetu nayo imefungwa, tuanze na paa. Kabla ya rangi, kabla ya vigae, maji yasiingie tena. Kisha tufungue chumba kimoja tu kinachotazama barabara, kile kilicho salama kwa neno la mhandisi: cherehani, duka la dawa, ofisi ya kupiga chapa. Pango la chumba hicho, baada ya kulipa kodi ya mkoa, lifungue cha pili. Ni mwendo wa pole, lakini hauzai deni, na waumini wanaona mahali sadaka yao ilipokwenda.

Na kwa nyumba ambayo si yetu, tuwe tayari kusema hapana. Kukataa nyumba nzuri yenye hati mbovu si kukosa imani. Ni kuwalinda waumini ambao hawakuwapo kwenye kikao, wakiwamo wajane wanaotoa franka zao katika chapuo ya ujenzi wakiamini kwamba wazee wamekwisha kuuliza yote.

Siku moja ile nyumba ya kona itafunguliwa, ile yenye mti juu ya ukuta. Tunaomba ifunguliwe kwa haki: watoto tisa wakiwa wametia sahihi, zamu akiwa amelipwa, mhandisi akiwa ameandika, na jina katika kitabu likiwa ni jina la wale wote watakaoitumia. Hapo ndipo vijana walete simenti.